Mia Tatu za Kweli

Kasha nimelipima kwa utepe wa fundi cherehani:
urefu, shubiri moja na vidole vitatu;
kimo, mkate wa nusu kilo ukilala kifudifudi.
Dogo hivyo kwa sababu kibanda changu hapa Shinyalu
ni upana wa mikono yangu nikijinyoosha kwa uchovu,
na printa imekwisha kalia nusu,
na nusu ya nusu ni kiti cha wafiwa.

Kazi yangu ni programu za mazishi.
Watu hufa siku yoyote ila huzikwa Jumamosi,
kwa hiyo Alhamisi usiku silali.
Alhamisi ile radi ikapiga nguzo ya stima
mzee Mukolwe akiwa ametoka nusu kwenye karatasi:
kofia, paji la uso, macho mawili,
kisha weupe.
Harufu ikapanda chini ya meza, ya kitunguu kilichosahaulika jikoni.
Bintiye akaniuliza, "Na mdomo?"
Alizikwa na picha ya kitambulisho, ndogo, amekunja uso.

Leo niko Kakamega mjini, dukani kwa Amukoya,
utepe shingoni.

Anaanza na kubwa. Wati mia saba na hamsini,
nyekundu, ina vitaa vinavyobadilika rangi.
"Mama, hii hata ukiifunga kinu cha posho, inavuta."
Sina kinu. Nina bodi mama ya ukubwa wa sahani ya ugali,
prosesa ya wati sitini na tano,
diski moja, feni moja inayokohoa kila asubuhi.
Najumlisha nyuma ya risiti: mia na kumi,
mia na ishirini tukiihurumia.
Tena haiingii. Ni kumlaza ng'ombe kwenye kiota cha kuku.

Analeta ya pili. Inaingia, na bei inatabasamu.
Imeandikwa mia tano.
Naiweka kiganjani, nyepesi
kama kibiriti kilichobakiza njiti mbili.
Debe tupu huvuma; hili halina hata la kuvumia.
Pale shaba ingelala pamelala hewa.
"Amukoya, mia tano hizi alizihesabu nani?"
Anacheka, anapangusa vumbi lisilokuwepo.

Ya tatu haina boksi. Imetolewa kwenye mashine ya sacco iliyofungwa,
ina mkwaruzo ubavuni na kibandiko cha mkaguzi.
Mia tatu, imeandikwa kwa herufi ndogo,
kama shahidi anayejibu alichoulizwa tu.
Nzito. Mkono unashuka wenyewe.
Nachungulia kwenye matundu: shaba imebanana mle ndani
kama wanakwaya kwenye benchi moja.
Napima. Inaingia, inabaki nafasi ya unene wa kucha.

Ila waya wake ni mfupi.

Unaning'inia vidole viwili kabla ya bodi,
na Amukoya tayari ananiuzia kiungo, shilingi mia nne,
na kwa dakika nzima nawaza kurudi kwa ile nyepesi,
yenye waya mrefu, yenye boksi, yenye waranti ya wiki moja.

Kisha naigeuza, kichwa chini miguu juu.
Feni sasa inatazama nje,
inavuta hewa ya barabarani badala ya joto la wenzake,
na waya unafika. Umenyooka kabisa,
hauna hata inchi ya kujivunia.

Elfu mbili na mia mbili. Naomba anisamehe ile mia mbili.
Anakataa. Afadhali, ningeanza kuishuku.

Jioni mawingu yanatoka upande wa msitu.
Taa ya kibanda inapepesa mara moja, mara ya pili,
duka la jirani linanyamaza katikati ya taarifa ya habari,
na chini ya meza yangu kitu kinasema *mmm*,
kama mtu aliyesikia akiitwa lakini ana kazi.
Karatasi inashuka taratibu.
Kilemba. Paji la uso. Macho. Pua.

Mvua imeanza kupiga mabati.

Mdomo.